Moja kwa Moja Kutoka Msibani

Sura ya Nne

Mfuko wenye nguo za marehemu ulikaa mezani siku moja na nusu bila kufunguliwa, kwa sababu kila mtu katika kituo cha polisi cha San Telmo alishajua nani amemuua mwenye nguo. Sajini Rufina Omictin ndiye aliyeukata uzi, Ijumaa saa nne asubuhi, wenzake wakiwa kwenye kahawa.

Alitoa suruali fupi, blauzi ya mikono mirefu, na viatu viwili vya mpira vyenye soli ya meno. Kamba za viatu zilikuwa zimefungwa fundo mbilimbili, na daktari alilazimika kuzikata kwa mkasi. Kisiginoni kila kimoja kilikuwa na namba saba ya rangi nyeupe. Rufina alivitenga pembeni, akawa anavitazama kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza.

"Unatafuta nini tena humo?" Kapteni Abellana aliuliza kutoka mlangoni. Mkuu huyo wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa simu, na tangu juzi simu zilikuwa zikilia mfululizo kutoka Manila.

"Viatu, afande."

"Maiti ana viatu. Ajabu iko wapi?"

"Hivi ni vya kupandia maporomoko. Bi Bianca anasema mteja wake alikunywa dawa ya Nang Basilisa, ikamlevya, akatoka kibandani peke yake akitangatanga, akaangukia mtoni Cangbulak. Sasa mtu aliyelewa hutoka na ndala. Huyu alikaa chini, akavaa viatu vya kampuni, akafunga fundo mbili kila mguu. Ulevi gani huo wenye adabu?"

Kapteni alikuna shingo. "Na ile chupa?"

Chupa ya Nang Basilisa ilikuwa juu ya kabati, imebandikwa karatasi ya ushahidi. Rufina aliishusha, akaiinua penye mwanga wa dirisha.

"Imejaa mpaka kwenye kizibo. Alipewa aende nayo kwao, na hajaigusa. Halafu haya ni mafuta ya nazi ya kuchulia. Bibi yako hakukuchua ulipokuwa na homa?"

"Alinichua."

"Ulikunywa?"

Kapteni alitaka kucheka, akakumbuka simu yake, akaacha. "Nisikilize, Rufina. Mwendesha mashtaka ni mtu wa mjini. Kwake chupa ya mganga ni chupa ya mganga tu. Kivuko cha saa tisa kinampeleka bibi mahabusu ya ng'ambo, Dumaguete, na hao wanawake wanarudi kwao, nami nalala usingizi wangu. Ukipata kitu, niletee kabla ya saa tisa. Viatu si kitu."

Marehemu aliitwa Consuelo Arcenas, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Iloilo, mjane, miaka hamsini na mitatu. Alikuwa mmoja wa wanawake watano waliokuja kisiwani Siquijor kwa siku tisa na kampuni ya Bianca Montelibano, kupanda mlima, kuruka maporomoko, kunyoosha viungo alfajiri na kupulizwa na mganga. Walikuja kupona. Jumatano usiku walimtoa mtoni fuvu limepasuka upande wa kushoto na mapafu yamejaa maji. Daktari alisema alikufa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni.

Kabla ya kuondoka Rufina alipita mahabusu. Nang Basilisa Paghubasan, Nang kwa heshima ya umri wake wa miaka sabini na minne, alikuwa amekaa wima kwenye benchi kama mtu anayesubiri misa ianze.

"Nang, nikumbushe. Ulimfanyia nini yule mama?"

"Nilimchua mgongo, nikampulizia maji glasini, nikampa chupa. Alikuwa na baridi iliyomwingia mifupani tangu mumewe afe. Nikamwambia siku tatu asiguse maji baridi. Hata uso anawe kwa vuguvugu."

"Alikusikia?"

"Alichukua mkono wangu akauweka kwenye paji la uso wake, kama mtoto wa hapa anayemwamkia mkubwa. Wa mjini hawafanyi hivyo." Bibi alizitazama kucha zake. "Na wewe acha kuninunia, sijafa. Jela hainiumi. Kinachoniuma, tangu juzi hajatokea mtu wa Cangbulak hata mmoja na bakuli la uji."

Nusu ya kijiji cha Cangbulak ilizaliwa ikapokewa na mikono ile. Rufina akapanda pikipiki.

*

Hoteli ya vibanda ilikuwa juu ya mto, kimya kama nyumba ya watawa. Mlangoni palikuwa na kikapu kilichojaa simu za wageni. Bianca Montelibano alizichukua siku ya kwanza, ili watu wapumzishe macho. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, aliyelelewa Amerika tangu ana miaka mitatu, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kulipiwa.

"Sajini, jamani, wamechoka. Wanafunga mizigo. Kila kitu nimeshaandika."

"Nimekisoma. Nimekuja kuona viatu."

"Viatu?"

"Vya mpira. Vinakaa wapi?"

"Kwenye sanduku, pale nyuma. Funguo anayo kiongozi wa msafara, Crisanto. Lakini Crisanto hakuwepo jioni ile, alikuwa msibani kijijini. Na yeye ameandika."

"Funguo iko moja?"

Bianca alitabasamu. "Moja. Kwa usalama."

Rufina alishukuru, akapita ukumbi wa chakula kwenda nyuma, na hapo ukutani akasimama. Palikuwa na ubao mkubwa umeandikwa *Siku Niliyoishinda Hofu*. Chini yake picha nne za wanawake wanne hewani, mikono juu, midomo wazi, maporomoko ya Cangbulak nyuma yao. Nafasi ya tano ilikuwa tupu. Jina lilikuwa limeshaandikwa kwa herufi za kupendeza: Consuelo.

"Huyu hakuruka?" Rufina aliuliza.

"Asubuhi hakuwa tayari," Bianca alisema. "Hatumlazimishi mtu."

"Na jina mkaliandika."

"Ni mapambo tu, sajini."

Kupitia matundu ya sanduku zilionekana jozi tisa na pengo moja, la namba saba. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Wakati Rufina amechuchumaa akihesabu, mwanamke mmoja alitokea upande wa kamba za nguo na taulo begani, akageuka nyuma mara mbili. Alikuwa Odessa Tanjuatco, daktari wa meno kutoka Manila, aliyelala kibanda kilichopakana ukuta na cha marehemu.

"Mimi nimetia sahihi kwamba sikuona kitu," alisema kwa haraka. "Na kweli sikuona. Toka saa tisa alasiri mpaka alfajiri tulikuwa kwenye ukimya. Haturuhusiwi kutoka wala kusema neno."

"Hukuona. Ulisikia nini?"

Odessa alilikunja taulo, akalikunjua. "Bianca alimjia Consuelo. Alimwambia, 'Umebaki wewe tu, usiwaangushe wenzako.' Consuelo akasema bibi kamkataza maji. Akasema pia hajui kuogelea, kwamba alidanganya kwenye fomu. Akaanza kulia. Halafu nikasikia nyayo zikishuka ngazi."

"Za watu wangapi?"

"Siwezi kuapa. Mvua ilikuwa ndiyo imekatika mlimani, mto ulikuwa unapiga kelele." Macho yalimjaa machozi. "Tulikuja kujifunza kusikiliza, sajini. Nikamsikia mtu analia ukutani kwangu, nikanyamaza kwa sababu ratiba ilisema ninyamaze."

Rufina hakumpa pole. Pole nyingine ni anasa, na saa ilikuwa saa sita kasorobo.

Alipofika kwenye pikipiki alitoa maelezo ya Crisanto Magsayo kwenye begi. Yalikuwa yamepigwa kwa mashine, bila kosa hata moja, na Crisanto alikuwa mtu wa kuandika jina lake kama anayechonga mti. *Nilikuwa msibani kwa marehemu Tiburcio kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Baada ya hapo nilikwenda nyumbani moja kwa moja, nikamchukua mwanangu mchanga mikononi, nikakaa naye hadi nilipoitwa na polisi.*

Aliyasoma mara ya pili, akashusha mguu chini.

Kisiwani hakuna asiyejua kwamba ukitoka kwenye maiti huendi kwako moja kwa moja. Unapita kwanza pengine, dukani, kanisani, hata kijiweni, unajikung'uta, ili aliyekufa akikufuata apotelee huko. Walimu hujikung'uta. Mapadri hujikung'uta na kudai wameshikwa na kiu. Na mtu mwenye mtoto wa wiki mbili nyumbani hujikung'uta mara mbili. Aliyeyapiga maneno yale kwa mashine aliyaweka kama sifa, mume mwema kutoka msibani mbio kwa mtoto wake. Hakujua alichokiandika. Crisanto alikijua, akatia sahihi.

Na Rufina mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita usiku wa Jumatano, saa mbili, walipohitaji mtu anayeujua mto. Alimkuta amelala chali mkekani, mtoto kamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi.

*

Msiba wa mzee Tiburcio, mpiga kengele wa kanisa, ulikuwa siku ya tano, maziko yakiwa bado. Wanaume watatu walikuwa wanacheza karata chini ya turubai, jeneza likiwa sebuleni nyuma yao.

"Crisanto alikuwepo Jumatano?"

"Alikuwepo," alisema wa kwanza.

"Kuanzia saa kumi hadi saa moja," akamalizia wa pili, kabla hajaulizwa.

"Alikaa kiti gani?"

Wanaume watatu wakaonyesha viti vitatu. Kisha kila mmoja akakiona kidole cha mwenzake, na karata zikawa na mvuto mkubwa ghafla.

"Nang Basilisa anapandishwa kivukoni saa tisa," Rufina alisema. "Nimepita tu kuwapa habari. Nadhani wewe, Berto, ulizaliwa matako mbele. Siku mbili alihangaika na mama yako."

Berto hakuinua macho. "Sajini, hoteli ikifungwa tutakula nini, viti?"

Duka la Nong Pidiong lilikuwa hatua arobaini kutoka hapo, na kila aliyetoka msibani alipita kununua mkate au sigara moja, tangu Jumatatu. Mzee alikuwa akipanga sabuni.

"Nong, Jumatano Crisanto alinunua nini kwako?"

"Hakupita."

"Kila anayetoka pale anapita kwako."

"Hata mbwa wa marehemu alipita. Crisanto hakupita, kwa sababu..." Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza isiyo na vumbi. "Rufina, binti zangu wawili wanafua mashuka ya hoteli ile."

"Najua."

"Basi kama unajua, nunua kitu uende."

Alinunua mkate wa maziwa, akaenda. Alikuwa na hasira ya kuweza kuvunja sahani, lakini hakuwa na wa kumrushia. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wamempima bibi mmoja dhidi ya mashuka, na mashuka yakawa mazito. Na hata hivyo hakuwa na kitu. Duka lisilouza mkate si ushahidi, Kapteni angemcheka. Alihitaji mdomo mmoja useme kweli, na alijua ni upi, na kwa kujua huko alipunguza mwendo wa pikipiki njia nzima.

*

Analou Magsayo, mke wa Crisanto, alikuwa kibarazani, mtoto amefungwa kanga begani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alimwita Rufina "Ninang" tangu alipojua kusema, kwa kuwa Rufina ndiye aliyemshika siku ya ubatizo, na ndiye aliyesimama naye kanisani alipoolewa.

"Ninang, ingia. Sina kitu cha kukupa ila ndizi."

"Nimekuja na mkate. Mtoto ananyonya?"

"Kama jambazi."

Walicheka kidogo. Rufina alitoa daftari akaliweka gotini, na Analou akaliona, akaacha kucheka.

"Mumeo Jumatano alirudi saa ngapi?"

"Saa moja. Alikuwa msibani." Alijibu kama mtoto anayesoma katekisimu.

"Kabla ya kuingia alipita wapi?"

"Hakupita popote. Alikuja moja kwa..."

Alijisikia mwenyewe. Mkono wake ulipanda ukafunika kichwa cha mtoto.

"Endelea," Rufina alisema. "Mimi naandika. Crisanto alitoka kwenye jeneza la mzee Tiburcio. Hakupita dukani, hakunawa, hakusimama popote. Akaingia humu na aliyemfuata, akamlaza mtoto huyu kifuani. Nilimwona kwa macho yangu amemlaza. Sema 'ndivyo', utie sahihi hapa, niende zangu."

Ndani, jiko lilikuwa linatoa moshi na hakuna aliyeinuka kuliangalia.

"Ninang, usinitake niseme hivyo juu ya mtoto."

"Sikutaki useme. Nakuuliza kama ni kweli."

"Wiki mbili tu anazo. Hata jina padri hajampa."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Rufina aliona aibu. Alijua anachofanya. Alikuwa amechukua hofu ambayo yeye mwenyewe anayo, aliyonyonya kwa mama yake, akaigeuza nyundo. Polisi aliyefunzwa mjini asingeweza kuifanya kazi ile, wala asingehitaji kuikumbuka maisha yake yote.

"Si kweli," Analou alisema hatimaye, na machozi yakamshuka bila sauti. "Hakwenda msibani. Siku ile hakukanyaga kabisa. Alikuja kalowa, anatetemeka, meno yanagongana. Nikampa nguo kavu. Nikampa mtoto ampashe joto. Angekuwa ametoka kwenye maiti ningempa mtoto, mimi? Ungenifikiria hivyo?"

"Hapana."

"Asubuhi akaniambia tukiulizwa tuseme msibani. Nikadhani ni mambo ya mwanamke."

"Ingekuwa heri," alisema Rufina, akaandika.

Crisanto alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na mzigo wa kuni. Hakuna aliyejua amefika lini. Alizitua kuni taratibu, moja moja, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Usimwandike mke wangu," alisema. "Niandike mimi."

Alikaa kwenye ngazi. Hakuwa mkubwa wa mwili, lakini miaka kumi na miwili alishusha watu maporomokoni bila kumvunja mtu hata kidole, na alilitaja hilo kwanza, kana kwamba lingesaidia.

"Niliyaona maji yamekuwa ya udongo. Nikamwambia madam, 'Mto umejaa, hata mimi siruki.' Akasema kesho mawingu, picha zinatakiwa, na mama huyu atajuta maisha yake yote asipojishinda. Akasema kama nimechoka na kazi, Berto yuko. Basi nikafungua sanduku nikamvisha viatu. Nilimfunga mwenyewe, fundo mbili, kama ninavyowafunga wote."

"Bianca alikuwa wapi?"

"Chini kwenye jiwe, na kamera. Mama yule alinishika mkono, Ninang. Alinishika mpaka pete yake ikanikata. Akaniuliza, 'Utanishika mpaka mwisho?' Nikasema nitakushika. Nikahesabu mimi, mpaka tatu." Alifungua kiganja. Katikati ya vidole palikuwa na kidonda chembamba, kinaanza kupona. "Maji yalituviringisha. Nikawa nazama. Nikamwachia."

Analou alitoa mlio mdogo, akaingia ndani na mtoto.

"Na Nang Basilisa?" Rufina aliuliza.

"Madam alisema mzee kama yule hawatamfunga. Watamuuliza, watamrudisha."

"Anapanda kivuko saa tisa. Wewe ulijua, kijiji kizima kinajua. Crisanto, huyo mtoto wako nani alimkata kitovu?"

Alitazama kuni zake. "Yeye."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa za usiku. Alikuja kwa miguu, kwenye mvua."

Rufina alifunga daftari. Fadhila za punda mateke, walisema wazee, lakini punda hajui anampiga nani. Alimwambia Crisanto avae shati.

*

Walifika kituoni saa nane na nusu. Kapteni Abellana alisoma kurasa zote amesimama, akaketi, akasoma tena ya mwisho. Kisha alifanya kitu ambacho Rufina alimheshimu kwacho, japo kwa dakika chache tu: alichukua funguo, akaenda akafungua mahabusu kwa mkono wake, akamwambia Nang Basilisa, "Bibi, samahani." Crisanto akaingizwa mlango uleule. Walipishana kwenye korido. Kijana alichutama auchukue mkono wa bibi, auweke kwenye paji la uso. Nang Basilisa aliuweka mkono mfukoni.

"Na Bianca," Rufina alisema. "Nipe watu wawili niende gatini. Ana kamera."

"Nimepiga simu."

"Kwa nani?"

"Kwa ninaopaswa kuwapigia." Kapteni hakumtazama. "Wamesema tumchukue aliyeruka naye, si aliyetazama. Mwanasheria wa Bianca amesema akihitajika atakuja."

"Afande, yeye ndiye aliyemlazimisha. Na kamera ikivuka yale maji, picha zitafutwa kabla hawajatia nanga."

"Una neno la mtu aliyekwisha kudanganya mara moja na kutia sahihi. Nimekupa bibi yako, Rufina. Chukua ulichopewa."

Alikwenda gatini peke yake, bila ruhusa, na akakuta kamba zimeshafunguliwa. Kivuko kilikuwa kimeacha kisiwa kwa urefu wa uwanja wa mpira. Sitahani Bianca Montelibano alikuwa amesimama na wanawake watatu, miwani ya jua usoni, mkanda wa kamera begani. Alimwona sajini, akainua mkono kumpungia kwa heshima.

Odessa Tanjuatco alikuwa amekaa juu ya sanduku lake pembeni ya dirisha la tiketi. Hakupanda.

"Nitasema nilichosikia," alisema. "Najua ni ukutani tu."

"Ni ukutani tu," Rufina alikubali, "lakini njoo useme."

*

Jioni ile alimpakia Nang Basilisa nyuma ya pikipiki. Bibi alikuwa mwepesi, hakushika popote. Walipoikaribia njia ya Cangbulak alimgusa Rufina begani.

"Usinipeleke nyumbani moja kwa moja. Nipitishe dukani."

Nong Pidiong alikuwa na wateja. Watu kumi na kitu walikuwa wametoka msibani kwa Tiburcio wakati uleule, wamesimama na mikate na sigara zao, wanajikung'uta kama ada. Berto alikuwepo, na wenzake wawili wa karata. Walipomwona anayeshuka kwenye pikipiki mazungumzo yalikatika. Mtu mmoja alisogeza kiti. Mwingine akasema, "Nang, tumefurahi," na sauti yake haikufika mwisho.

Bibi hakukaa. Alimwomba Nong Pidiong mkate mmoja. Mzee alimpa akakataa malipo, naye bibi akaiweka sarafu mezani, akaisukuma mpaka upande wa pili. Kisha alisimama katikati yao, akamtazama kila mmoja, na Rufina aliona midomo yake ikitembea kidogo kama anayetaja majina. Pengine alikuwa anataja. Wengi wao, wa kwanza kuwaita kwa jina alikuwa yeye.

Alikula mkate wote, polepole, mpaka chembe ya mwisho. Akayakung'uta mavazi yake mbele na nyuma, mabega, pindo la sketi.

"Haya, twende, mwanangu," alimwambia Rufina. "Hawa wasinifuate nyumbani."